Mtu Akipita Miaka Thelathini

Maneno yafuatayo ni hotuba iliyosomwa na fundi cherehani mmoja wa Kawangware mbele ya wanachama wa vyama vya akiba vya Kibera na Kawangware. Tumeyachapa kwa kuwa twaamini yatawafaa wasomaji wetu wa mjini na wa mashamba pia.



 Mimi si daktari wala si mwalimu. Mimi ni fundi wa kushona nguo. Nilizaliwa Laini Saba, Kibera, karibu na reli, na nilipooa nilihamia Gatina, Kawangware, ambako nimekaa hata leo. Kwa hiyo mitaa hii miwili yote ni kwetu, na nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu. Sasa nimepita miaka hamsini. Naona wengi wenu mmeingia miaka thelathini juzi juzi tu, na ninyi hasa ndio ninaotaka kusema nanyi.

Nitaanza kwa habari ya marehemu kaka yangu. Alikuwa fundi mwashi, mtu mrefu, mwenye nguvu, ambaye hakuna aliyeweza kushindana naye kubeba mawe. Alipokuwa na miaka 36 alianza kuumwa kichwa kila asubuhi. Alikuwa akinunua vidonge viwili dukani, akavimeza kwa chai, akaenda kazini. Mimi nilimwambia, “Kaka, nenda ukapimwe.” Akanijibu huku akicheka, “Mdogo wangu, mimi si mzee. Presha ni ugonjwa wa wazee.” Siku moja ya mwaka 2004 alianguka kazini. Alipoamka, mkono na mguu wa upande wa kulia ulikuwa umekufa, na ulimi ulikuwa mzito. Kilikuwa kiharusi. Aliishi miaka miwili baada ya siku hiyo. Shemeji aliuza kitanda, akauza redio, mwishowe akarudi mashambani pamoja na watoto, na mtoto mkubwa aliacha shule.

Mabibi na mabwana, kaka yangu hakuwa mlevi wala mvivu. Alikosa neno moja tu: hakujua kwamba mtu akipita miaka thelathini mwili hauwi tena kama mtumishi asiyedai mshahara. Tulipokuwa vijana tulikesha, tukala tulichokipata, na asubuhi tukaamka wazima. Baada ya miaka thelathini mwili huanza kuandika deni, nao huliandika kimya kimya.

Thelathini ni adhuhuri

Wako wanaosema kwamba mtu wa miaka thelathini ni mtoto bado. Wako pia wanaosema kwamba amekwisha kuwa mzee, na kwamba tabia yake haibadiliki tena. Mimi nasema wote wamekosea. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba mwanamume anayezaliwa atarajiwa kuishi miaka 60 na zaidi kidogo, na mwanamke zaidi ya miaka 66. Basi thelathini ni nusu ya safari. Ni adhuhuri. Mkulima anayejua kazi yake haachi jembe saa sita za mchana akasema kwamba siku imekwisha, wala hacheki na kulala akasema kwamba jioni ni mbali.

Nguvu nazo hazijaisha. Ndugu yetu Eliud Kipchoge, aliyezaliwa mwaka 1984, alikimbia kilomita 42 na mita 195 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hapakuwa na mtu duniani aliyepata kukimbia mwendo huo kwa muda wa chini ya saa mbili kabla yake. Siku hiyo alikuwa na miaka 34. Sisi sote si wakimbiaji, lakini jambo moja twaweza kujifunza kwake: hakufika hapo kwa kujitahidi siku moja. Alifika kwa desturi za kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Wala mitaa yetu yenyewe haikujengwa kwa siku moja. Kibera ilikuwa mwitu, na jina lake la asili, Kibra, ndiyo maana yake katika lugha ya Wanubi, ambao askari wao wa jeshi la King's African Rifles walipewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Jina la Kawangware latokana na neno la Kikikuyu, ngware, ambaye ni ndege kwale. Mahali pa mwitu na pa kwale pamegeuka kuwa mitaa ya maelfu ya watu, chumba kwa chumba, bati kwa bati. Tabia njema nayo hujengwa vivyo hivyo.

Sasa nitataja mambo machache ambayo mtu wa mtaani aweza kuyafanya bila kuwa tajiri.

Jambo la kwanza: kupimwa

Mwaka 2015 Wizara ya Afya na Idara ya Takwimu ya Taifa zilifanya uchunguzi wa watu wazima katika nchi nzima. Ilionekana kwamba katika kila watu 100, karibu 24 walikuwa na shinikizo la juu la damu, yaani ugonjwa huu tunaouita presha. Tena ilionekana kwamba watu 56 katika kila 100 hawajapimwa presha hata mara moja maishani mwao. Fikirini jambo hilo. Zaidi ya nusu yetu twatembea kama mtu anayepita gizani katika njia yenye mashimo, naye taa anayo mfukoni.

Presha haina dalili kwa watu wengi. Haiumi, haiwashi, haileti homa. Huharibu moyo, figo, macho na mishipa ya ubongo taratibu, na mara nyingi dalili ya kwanza ndiyo hiyo iliyomwangusha kaka yangu. Kupimwa hakuchukui dakika tano. Utaambiwa hesabu mbili. Ikiwa hesabu ya juu haijafika 120 na ya chini haijafika 80, hali yako ni njema. Zikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na zikirudiwa siku nyingine zikawa vivyo hivyo, hiyo ni presha, na yafaa uanze matibabu bila kukawia.

Siku hizi huna haja hata ya kwenda mbali. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii, ambao idadi yao nchini yapita 100,000, wakapewa mikoba yenye vyombo vya kupimia presha na sukari ya damu. Watu hawa hupita nyumba kwa nyumba. Ni majirani zetu. Akija kwako usimwambie, “Mimi mzima, nenda kwa jirani.” Mkaribishe, mpe kiti, umnyoshee mkono.

Kwa akina mama nasema neno la ziada. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba wanawake kwa jumla waanze kupimwa saratani ya mlango wa kizazi wanapofika miaka thelathini. Saratani hiyo huchukua miaka mingi kukua, na ikigunduliwa mapema yatibika. Waume, msiwazuie wake zenu kwa wivu au kwa ubahili. Nauli ya kumpeleka leo ni ndogo sana mbele ya gharama ya kumuuguza kesho.

Jambo la pili: sahani na kikombe

Baada ya kaka yangu kuanguka, mimi nilikwenda kupimwa. Nilikuwa na miaka 31. Nikaambiwa kwamba presha yangu nayo imepanda. Muuguzi aliniuliza, “Je, chakula kikiletwa, hufanya nini kwanza?” Nikaona haya, kwa maana desturi yangu ilikuwa kunyunyiza chumvi kabla ya kuonja. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, nayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Kumbukeni kwamba chumvi imo pia katika vikolezo vya pakiti tunavyotia katika mchuzi, katika soseji za barabarani, katika mutura na katika viazi vya kukaanga. Nilianza kwa jambo moja dogo: niliiondoa chupa ya chumvi mezani. Majuma mawili ya kwanza chakula hakikuwa na ladha kinywani mwangu. Baada ya mwezi nilikula kwa jirani nikaona chakula chake ni kama maji ya bahari. Ulimi hufunzwa kama mtoto.

Sukari ni hivyo hivyo. Mtu anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu, amekula vijiko tisa kabla hajagusa soda wala mandazi. Punguza kijiko kimoja kwanza. Ukikizoea, punguza cha pili.

Ule uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu 94 katika kila 100 hawali matunda na mboga za kutosha. Jambo hilo latia aibu katika nchi inayolima kama yetu. Najua mtaniambia kwamba fedha hazitoshi. Lakini omena, maharagwe, ndengu, sukuma wiki, mchicha na managu si vyakula vya matajiri. Punguzeni ukubwa wa ugali, ongezeni mboga, na mafuta yawe kidogo.

Wale wa Kibera watakumbuka habari ya magunia. Baada ya fujo za mwanzo wa mwaka 2008, wakati reli ilipong'olewa na chakula kikawa ghali, shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités liliwafundisha watu wa Kibera kulima mboga katika magunia. Kazi yenyewe si ngumu. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, na katikati huwekwa nguzo ya mawe madogo kutoka chini hata juu ili maji yapenye. Kisha hutobolewa matundu ubavuni, na mche hupandwa katika kila tundu, na mingine juu. Gunia moja laweza kubeba miche 30 au zaidi, nalo hukaa mlangoni pasipo na shamba. Ila angalieni: udongo usitolewe jalalani, na maji yasiwe ya mtaro. Nami nina magunia mawili nyumbani Gatina, na mke wangu hanunui sukuma wiki kila siku.

Jambo la tatu: maji na moshi

Maji ya mtungi hununuliwa kwa taabu, kwa hiyo twaona ni hasara kuyapoteza muda tena. Lakini maji yakitoka katika mfereji uliopita katikati ya mtaro machafu, bei yake haiyafanyi kuwa safi. Yachemsheni hata yatokote vizuri, au tieni dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Asiye na makaa wala dawa yupo na jua. Huko Kibera watu walifundishwa kutia maji maangavu katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, na kuzilaza juu ya bati kwa saa 6 penye jua kali. Mawingu yakiwa mengi, chupa hukaa siku mbili mfululizo. Jua huua vijidudu vya kuharisha, ila haliondoi sumu za viwandani wala haliwezi kupenya maji yaliyochafuka kwa matope.

Kuhusu moshi, nasema kwa nguvu, kwa maana baridi ya Julai ya Nairobi twaijua. Mtu huwasha jiko la makaa, akaliingiza ndani, akafunga dirisha, akaziba hata ule upenyo wa chini ya mlango kwa gunia, akalala. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hata moshi ukiisha na makaa yakawa mekundu, hewa hiyo ingali inatoka. Jamaa nzima yaweza kulala isiamke. Pikeni nje au penye dirisha wazi, na kabla ya kulala jiko litolewe nje. Blanketi moja la ziada ni rahisi kuliko jeneza.

Jambo la nne: mwili na usingizi

Baadhi yenu mtacheka nikisema juu ya mazoezi ya mwili. Mtu anayetoka Kibera kwa miguu alfajiri kwenda viwandani, au anayetoka Kawangware kwenda Lavington na Westlands kufanya kazi za nyumbani, huyo hahitaji kuambiwa atembee. Huyo amekwisha kupata haki yake. Nasema na sisi tunaokaa: fundi cherehani kama mimi, mwenye duka, mlinzi wa lango, dereva wa matatu, kijana wa bodaboda ambaye siku nzima mguu wake haugusi ardhi ila kwenye taa za barabarani.

Waganga wasema kwamba kuanzia miaka ya thelathini nyama za mwili hupungua kidogo kidogo kwa mtu asiyezitumia. Shirika la Afya Duniani lashauri dakika 150 za mazoezi kwa juma, ambazo ni kama nusu saa kwa siku tano. Mimi nilifanya hivi: jioni nikifunga kibanda, sipandi matatu kutoka kituo cha 46. Natembea. Tena kila saa moja nasimama kutoka kwenye cherehani, nanyosha mgongo, nateka maji ya kunywa. Mgongo ulionisumbua nikiwa na miaka 35 haunisumbui leo.

Usingizi nao ni chakula. Mtu mzima ahitaji saa 7 hivi. Katika chumba kimoja ambamo baba, mama na watoto hulala, na jirani ana redio kubwa, najua jambo hilo si rahisi. Lakini mara nyingi anayetuibia usingizi si jirani. Ni simu iliyo mkononi mwetu. Iwekeni mbali saa moja kabla ya kulala, na watoto wenu wawaone mkifanya hivyo.

Jambo la tano: mfuko

Afya na fedha ni mapacha. Ukimpiga mmoja, mwingine hulia. Tangu mwaka 2007, ilipoanzishwa M-Pesa, fedha zetu zimekaa katika simu. Limekuwa jambo jema sana kwa biashara na kwa kuwatumia wazee nyumbani. Lakini kwa njia hiyo hiyo kamari nayo imeingia mfukoni. Zamani mcheza kamari alikuwa na aibu ya kuonekana akiingia mahali pa kamari. Siku hizi hucheza akiwa amelala kitandani, na mkewe hajui.

Natoa hesabu rahisi. Shilingi 50 kwa siku ni shilingi 18,250 kwa mwaka. Ukizitia katika kamari, wafurahi jioni mbili au tatu katika mwaka mzima. Ukizitia katika chama chenu cha akiba, Desemba wapata ada ya shule, au cherehani ya pili. Tena chama chaweza kununua unga, mafuta na sukari kwa jumla na kuwagawia wanachama, maana sisi maskini ndio tunaonunua kwa bei ya juu kabisa, kwa sababu twanunua mafuta ya kupima na sukari ya karatasi.

Katika akiba hiyo toeni kwanza fungu la bima ya afya. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imeondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua mahali pake. Kwa mtu asiye na mshahara mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, nao hutolewa wa mwaka mzima kwa pamoja. Wengi hushindwa kwa sababu ya neno hilo “kwa pamoja”. Hapo ndipo chama kina kazi yake: shilingi 10 kwa siku zikiwekwa kando, mwaka ukiisha ni 3,650. Kujiandikisha ni kwa simu, kwa kubonyeza *147#.

Juu ya pombe sitasema mengi. Mnamo Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru na mitaa ya jirani hapa Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa sumu ya methanoli, na wengine wakapofuka. Anayekunywa asichojua kimetoka wapi anacheza kamari kwa macho yake.

Namna ya kubadili desturi

Sasa mtauliza, “Fundi, mambo yote hayo tutayawezaje?” Jibu langu ni kwamba msiyafanye yote. Anayeanza mambo kumi Jumatatu, Ijumaa hana hata moja. Mazoea yana taabu, na anayetaka kuyang'oa yote kwa mkupuo hung'oka yeye.

Chagueni jambo moja kwa mwezi mmoja. Lifungeni katika desturi mliyo nayo tayari. Kama kila jioni wafunga kibanda, basi kufunga kibanda kuwe ndiyo ishara ya kutembea. Kama kila asubuhi wawasha jiko kwa chai, chemsha papo hapo maji ya kunywa ya siku nzima. Kisha mwambie mtu mmoja, mume au mke au mwanachama mwenzako, ili akuulize. Na ukishindwa siku moja, usiseme kwamba umeshindwa kabisa. Rudi kesho yake. Mtoto anayejifunza kutembea huanguka mara nyingi kuliko anavyosimama, na hakuna mama aliyemwambia aache.

Na asiseme mtu kwamba amechelewa. Mzee Kimani Maruge alianza darasa la kwanza mwaka 2004, karibu na Eldoret, akiwa na miaka 84, akaketi na watoto wadogo akafunzwa kusoma. Mwaka ule ule ambao kaka yangu alisema hana haja ya kupimwa, mzee yule alivaa sare ya shule. Nimeyafikiri mambo hayo mawili mara nyingi.

Neno moja lazima nilitaje ili nisije nikaonekana nawatwika ninyi mzigo wote. Si kila shida ya Kibera na Kawangware yatokana na tabia zetu. Mtu hawezi kunawa kwa maji yasiyokuja, wala hawezi kujenga mtaro wa maji machafu peke yake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya, makao ya kufaa, usafi, na maji safi ya kutosha. Haki hiyo yafaa tuidai kwa adabu na bila kuchoka, katika mabaraza na mikutano ya bajeti ya kaunti. Lakini mtaro hauchimbwi leo jioni, na leo jioni utakula, utalala, utatumia shilingi zako. Tudai yaliyo ya serikali, na tufanye yaliyo yetu. Tena anayedai akiwa mzima hudai kwa muda mrefu zaidi.

Bwana Mwenyekiti, namaliza. Marehemu kaka yangu aliacha watoto watatu. Yule mkubwa aliyeacha shule sasa amepita miaka thelathini, naye ni fundi wa umeme. Mwezi uliopita alinijia kibandani. Nikadhani ameleta suruali ya kushonwa. Akanionyesha karatasi ndogo iliyoandikwa hesabu mbili: 118 kwa 76. Akasema, “Baba mdogo, nimekwenda kupimwa.” Sikuweza kumjibu neno. Niliiweka karatasi ile katika kijaluba ninamowekea sindano, nayo ipo humo hata leo.

Basi ombi langu kwenu ni dogo. Kabla juma hili halijaisha, kila mmoja wenu aliyepita miaka thelathini aende akapimwe, na aje mkutano ujao na hesabu zake mbili. Mengine yote tutayafanya moja moja. Haba na haba hujaza kibaba.